Bi. Barke Aliyetufundisha Kusikiliza Vifua

Na Justus Kilonzo, mwalimu mwenzake

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha, Bi. Barke Ghalib anastaafu kutoka idara ya tiba ya upumuaji katika chuo chetu hapa Mikindani. Anaondoka miaka miwili kabla ya wakati wake. Sababu tunaijua sote, na yeye mwenyewe ameagiza iandikwe.

Alizaliwa Likoni, akasomea uuguzi, akahudumu katika wodi ya kifua kikuu, kisha akaja kwetu kufundisha vijana namna ya kumsaidia mgonjwa apumue. Wakati huo idara ilikuwa chumba kimoja, mtungi mmoja wa oksijeni na sanamu ya mazoezi ambayo mapafu yake ya mpira yalikuwa yameliwa na panya. Bi. Barke aliyang'oa, akatia kibofu cha mpira wa miguu. Sanamu ikawa inapumua kwa mluzi, na wanafunzi wa miaka ile wanaapa kwamba pumu waliijua pale.

Alikuwa mkali. Aliyeingia maabara akinukia marashi alirudishwa akaoge, awe mwanafunzi au mkuu wa chuo. Mimi niliporipoti kazini kutoka bara nikiwa na kikohozi cha safari, nilipimwa kifua kabla ya kuonyeshwa kiti.

Ukali wake mkubwa, hata hivyo, ulikuwa juu ya jambo moja: mgonjwa aambiwe ukweli. Huku pwani mgonjwa huzuriwa kwa maneno matamu. Waonekana mzima, uso una nuru, utapona inshallah. Babake Bi. Barke aliambiwa hivyo kila siku mpaka akafariki, na ndugu yake wa Kisauni, ambaye walikuwa hawasemezani, akaja kukuta kaburi. Kwa hiyo katika mafunzo yetu aliongeza sehemu yake mwenyewe. Mwanafunzi akishasikiliza na kupima, lazima aketi, amtazame mgonjwa na kumwambia alichokiona. Asiyesema hapiti, hata awe fundi wa mashine namna gani.

Mwaka 2020, korona ilipoingia, alikwenda wodini na wanafunzi wake ingawa hakuna aliyemlazimisha. Tulimzika Maxwell, mhitimu wake aliyekuwa ndiyo kwanza ameoa. Bi. Barke naye aliugua, akainuka, akarudi darasani. Mapafu yake hayakuwa yale tena. Yaliendelea kukakamaa mwaka hadi mwaka, hata ngazi za idara akawa anazipanda kwa vituo.

Alichotaka kujua ni muda aliobakiwa nao. Ana binti mmoja, Fatma, aliyekuwa masomoni ng'ambo, na ilimpasa aamue kama amwite sasa au amwache amalize. Akawauliza waliomtibu, nao walikuwa wanafunzi wake wa zamani. Kila mmoja aliinamisha macho akamwambia amwachie Mungu. Siku hiyo alirudi ofisini amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona, akasema kumbe miaka yote amefundisha waongo.

Mtihani wa vitendo wa Agosti ulipofika, kitanda cha mwisho alikikalia yeye mwenyewe, akawaita wanafunzi mmoja mmoja. Mimi nilikuwa mtahini wa pili. Walimsikiliza mgongoni, wakamtembeza na kipimo cha oksijeni kidoleni, wakaona namba zikishuka. Kisha wakamwambia ni uchovu. Gona, anayeongoza darasa, alimshauri apunguze chumvi. Wote aliwapa sifuri.

Wa mwisho alikuwa Mbeyu wa Mjambere, ambaye ripoti zake zote zinasema hana adabu ya maneno. Alitoa shikamoo, akasikiliza kwa muda mrefu, akamtembeza, akamrudisha kitandani, kisha akavuta kiti akakaa karibu naye. Maneno yake niliyaandika kwenye karatasi ya alama: “Mwalimu, mapafu yako yamekauka pande zote mbili, na dawa haiyarudishi. Hata mlangoni hukufika. Siku yako aijua Mungu, lakini mimi mwaka siuoni. Kama kuna mtu wa kumwita, mwite.”

Bi. Barke alimuuliza kama ana hakika. Mbeyu akasema anayo, ndipo akaanza kulia, na mwalimu wake akamshika mkono. Alipewa alama zote. Fatma alipigiwa simu siku hiyo hiyo. Yuko Likoni tangu Septemba, na ndiye anayembebea mamake mtungi wa oksijeni.

Idara anayoiacha ina maabara mbili na wahitimu katika hospitali nyingi za pwani. Darasa la Agosti limerudia mtihani, na safari hii kila mmoja alisema alichokisikia, Gona akiwa wa kwanza.

Kwa desturi, wasifu kama huu humalizika kwa kumtakia mstaafu maisha marefu. Nimeyaandika maneno hayo na kuyafuta, kwa sababu atausoma, na sitaki kuwa mwongo mwingine mbele yake. Basi, Bi. Barke, asante. Tunaumia, na tutakukosa sana. Tunakutakia miezi mizuri, usingizi usiokatizwa na kikohozi, na bintiyo kando yako mpaka mwisho.