Fundi Radi na Moto wa Kabureta

Ndugu waombolezaji, majirani na mafundi wenzake mliofunga kazi leo, familia imemtuma mdogo wake marehemu awasomee maisha ya kaka yake, naye shule hakukaa sana, ila atayasema kama yalivyokuwa, bila kuyapaka rangi.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Radi, kwa ngurumo ya sauti yake, alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magunia, akiwa mtoto wa tatu, na mama yetu alizoea kusema kwamba huyu alitoka tumboni amekunja ngumi. Alianza shule mwaka 1970, akaiacha mwaka 1975 akiwa darasa la sita, baada ya kumtoa kiranja meno mawili kwa ubao wa dawati, ndipo baba akamkabidhi kwa mjomba wetu fundi magari, aliyekuwa akifundisha mara ya kwanza kwa mdomo na mara ya pili kwa spana, na kovu lile juu ya sikio ndicho cheti pekee alichowahi kupata.

Mwaka 1985 alifungua gereji yake karibu na stendi ya malori, na tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na mke wake, tuliye naye hapa, baada ya kuchapana makonde na kaka wa bibi harusi mlangoni mwa wakwe, naye ni huyu shemeji aliyekaa pale, mikono imefungwa bendeji. Tangu siku ile marehemu na shemeji huyo walipendana kwa namna yao, asubuhi wanatukanana, jioni wanakula sahani moja, na watoto watatu wa marehemu walikua wakidhani watu wazima wote huongea hivyo.

Wawili hao walikuwa na pikapu kuukuu waliyoinunua kwa ubia, na mwezi Januari mwaka huu kabureta yake ilichoka, ikawa inavuta hewa pembeni na kunywa petroli kama mlevi wa harusini. Shemeji akaleta kabureta ya lori, yenye mdomo mpana, akitaka nguvu, marehemu akaipima, akamwambia matundu ya bolti hayaoani, na hata yangeoana injini ndogo ingezama kwa mafuta, shemeji akamwita mwoga, basi wakapigana katikati ya barabara, shemeji kapasuka kichwa, marehemu kang'oka jino, na mtaa mzima ukaona. Kesho yake walikwenda pamoja, kila mmoja amevimba, wakachagua kabureta ya ukubwa uleule kutoka kwenye pikapu iliyopata ajali.

Tarehe 11 Februari marehemu aliifunga mwenyewe, akakwangua gasketi ya zamani inayoziba kiungo, akaweka mpya, akakaza bolti kwa kupishanisha, akaunga bomba la petroli na waya wa pedali ya mafuta, kazi safi kabisa. Ila kabureta ilikuwa kavu, naye hakuwa mtu wa kusubiri pampu iijaze, akamimina petroli kwa kopo mdomoni mwa kabureta, kama alivyofanya miaka yote, akamwambia shemeji awashe, shemeji akawasha, injini ikakohoa moto juu, moto ukadaka kopo, na kopo likammwagikia kifuani, shati lote likawaka.

Sasa lisemwe hadharani, maana tangu juzi linasemwa pembeni. Shemeji alimwangusha chini, akampiga kwa gunia lililoloa na kwa mikono mitupu ili auzime moto, nanyi mliokuwa ng'ambo ya barabara, mkikumbuka ule ugomvi, mkasema anamuua, mkaja na mawe na vyuma, mkamburuta kando na kumpasua midomo, huku mgongo wa kaka yetu bado unawaka.

Marehemu aliugua siku sita wodini, na daktari alituambia waziwazi kwamba moto ndio uliomuua, hapakuwa na jeraha la kipigo lililozidi lile jino. Ile sauti ya radi ilikuwa imebaki mnong'ono, na kwa mnong'ono huo alimwambia mkewe kwamba kopo alilishika yeye, kwamba shemeji aliwasha kwa kuwa aliambiwa awashe, na kwamba huyo ndiye atangulie kumwaga udongo. Alifariki tarehe 17 Februari, saa kumi na moja alfajiri.

Mwanawe mkubwa, aliyefika msiba umeshatokea, ameapa kwamba mjomba wake, huyu shemeji, hatakanyaga kaburini, na leo asubuhi baba yake mdogo amemnyang'anya nondo baada ya kukunjana mashati. Mwanangu, umeyasikia maneno ya baba yako. Shemeji atatangulia, na anayetaka kumgusa aanze na huyu anayesoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, na jirani mshona viatu aliyewapita nyote akaleta ndoo ya mchanga. Nyinyi wengine tunawashukuru kwa kuja, na mengine tutaambiana tukitoka hapa.

Kaka, umegombana na kila mtu, sasa tuachie sisi ugomvi, wewe lala kwa amani.