Pampu Niliyoichagua Mbarara

Ndugu zangu, mwenye ametoka kula anisamehe, sababu ushuhuda wangu unanuka.

Munajua kikundi chetu kina mashine ya kukata chakula cha ng'ombe. Inakatakata mahindi mabichi, tunashindilia shimoni, tunafunika na plastiki ili yachachuke, tuwalishe ng'ombe wakati wa jua, mvua ikikatika. Ilibakia pampu ya kufunga kwenye mashine, inyunyizie dawa ya kuchachusha majani yakitoka. Mukanituma mimi Mbarara.

Mwenye duka akanionyesha mbili. Moja ndogo, ya koki, inadondosha kidogo kidogo. Ingine kubwa, nyekundu, inarusha maji kama mvua. Akaniuliza, "Mashine yenu inakata majani ngapi kwa saa moja?" Sikujua, na nikaona haya kusema sijui. Nikasema, "Nipe kubwa." Nilitaka batu ba kambi yetu ya Nakivale baone nimeleta kitu!

Siku ya kukata, majani yalilowa mpaka maji yakachuruzika. Niliona, nawaambia kweli, nikanyamaza.

Jua likaja, tukafungua shimo. Ee Mungu wangu! Uchafu mweusi, unateleza, na funza wanatembea ndani. Ng'ombe wakageuza vichwa, mzee mmoja akatapika palepale. Mukauliza nani ameharibu. Nikajibu mbio mbio: "Ni yule mama Murundi. Alifunika vibaya, hewa ikaingia." Mukaamini, mukamtoa kwa kikundi.

Nilinawa na sabuni, na majivu, na ndimu. Harufu ya shimo ilitoka siku ya tatu, lakini mimi mwenyewe nilijinukia. Niliona kinyaa hata kula na mkono wangu.

Kisha ng'ombe wangu akakonda, maziwa yakakauka. Asubuhi moja yule mama akafika kwangu na mzigo wa majani ya viazi kichwani.

"Kamata, ng'ombe yako isikufe."

"Mama, haunichukii?"

"Nakuchukia sana. Lakini ng'ombe haikunikosea."

Ndugu zangu, nilikaa chini nikalia. Siku ileile nikamwambia mwenyekiti yote. Tukapima majani mashine inayokata kwa saa, nikarudi Mbarara na hesabu yangu, nikabadilisha pampu. Hii ya sasa tuliijaribu kwanza na maji matupu, tukipima na kikombe. Shimo la mwaka huu linanukia kama ndizi za pombe, na ng'ombe wanasukumana.

Namshukuru mwenyekiti, hakunifukuza. Aliniambia tu, "Ukishapata nguvu, uyaseme mbele ya bote." Nimechelewa mingi. Na wewe utakayetumwa kununua chombo, dukani sema "sijui." Haya ya dukani inaisha fasi ileile, palepale dukani.

Yule mama mulimrudisha mwenyekiti alipowaomba, na mpaka leo munasema mulimsamehe. Mulimsamehe nini? Mama, uko pale nyuma, nakuona. Shimo ulilifunika vizuri.