Wino Uliotangulia Matone

Marehemu wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Matone, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa mpiga pasi na mshonaji. Alisoma hadi darasa la saba, na mwaka 1979 akahitimu mafunzo ya uhudumu wa afya. Alijivunia kisomo chake. Wifi yake, mke wa mdogo wake, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, alikumbushwa hilo mara nyingi.

Mwaka 1982 aliolewa na fundi seremala, ambaye ametangulia. Walijaliwa watoto watatu.

Kuanzia 1996 alizunguka nyumba kwa nyumba, kasha la barafu begani, akiwapa watoto matone mawili ya chanjo ya polio, kisha akiwapaka wino kwenye kidole cha mwisho ili wasirudiwe. Kwa maneno hakuna aliyemuweza. Baba mmoja alimwambia hana mtoto ndani, mara kilio kikatoka chini ya kitanda.

"Paka huyo," akasema baba.

"Paka anayeita mama? Mlete, naye apate matone yake."

Tarehe 14 Agosti 1999 alifika kwa wifi yake. Binti wa pale, wa miaka miwili, hakuwa amepata tone hata moja. Alilia apakwe wino kama wenzake, na kichupa cha matone kilikuwa kimekwisha.

"Ngoja nimpake anyamaze, wifi. Matone nitamletea jioni."

Jioni hakuja. Kesho yake mwenzake wa kazi alikiona kidole, akapita.

"Huyu bado!" wifi akamkimbilia.

"Mama, wino hausemi uongo."

Mwezi wa kumi mtoto alishikwa na homa, na siku ya tatu mguu wa kushoto ukalegea kama kitambaa. Wakubwa wa kazi walipouliza, Mama Matone aliogopa kufukuzwa. Akajibu, "Mama yake alikataa chanjo. Hajasoma yule."

Neno hilo lilimganda wifi yake miaka ishirini na mitano. Bombani wanawake walimpisha kama mwenye upele. Mumewe alimwamini dada yake. Akahama chumba, kisha akahama nyumba.

Februari mwaka huu Mama Matone aligundulika kuwa na saratani ya koo. Wengine walipochoka, wifi yake ndiye aliyemdondoshea maji mdomoni kwa kijiko. Tarehe 9 Juni mgonjwa alimshika wifi yake mkono.

"Wifi, wasifu wangu useme wewe."

"Mimi? Kuandika kwenyewe sijui."

"Mwandishi unaye." Akamwonyesha binti yule, ambaye sasa ana miaka ishirini na minane na anatembea kwa gongo.

"Nikisema, nitasema yote."

"Sema la wino. Wanangu wakikuzuia, waambie nimekutuma."

Alifariki tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi. Jana mwanawe mkubwa aliomba sehemu ya wino iondolewe. Binti aliyeshika kalamu alikataa. Wifi hajasema amesamehe, amefikisha alichotumwa.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake wa kiume aliyeketi hapa mstari wa mbele na anayesikia dada yake akikiri haya kwa mara ya kwanza, mtoto wa mdogo wake ambaye hakupata matone, na wifi mmoja, ambaye hakukataa chanjo.

Kasha umelitua, Mama Matone. Pumzika.