Aliyezunguka Mawe
Basi la milimani, huku kwetu Aisilandi, lilikuwa limeshavuka mto wa pili pale Bryndís, mama mlinzi wa hifadhi, alipomwonyesha abiria mwenzake makovu ya magurudumu yaliyochana kuvumwani, ule mmea laini unaotandaa juu ya mawe, ubavuni mwa kilima. "Mwaka jana mjinga mmoja alikuta mawe yameporomoka njiani, akayazunguka na gari nje ya barabara. Wiki ile ile magari arobaini yakafuata alama zake."

"Mjinga mwenyewe ni mimi," alisema yule abiria, mwanamume wa makamo aitwaye Torfi. Ndani ya basi hakuna pa kujificha, nami niliyekaa nyuma yao nikajifanya natazama mlima.

"Si ungegeuza, kaka?"

"Nigeuze vipi, mama? Baba alikuwa kibandani huko juu, kavunjika nyonga. Njia nyingine ingenichukua saa tano."

"Ungeita waokoaji."

"Niliwaita. Ukungu ule, helikopta haikuruka."

"Basi ungeacha gari ukatembea."

"Halafu nimbebe mgongoni? Mzee ana kilo mia!"

Bryndís alicheka, kisha akajizuia. "Kuvumwani hii itapona wajukuu zako wakiwa wazee. Baba yako je?"

"Anatembea. Anagombana na kila mtu."

"Mungu ashukuriwe. Lakini ulikosea."

"Hata leo ningepita."

Basi likasimama chini ya kilima. Bryndís akatoa reki kadhaa kwenye buti la basi, za kufukia makovu yale. Torfi akachukua moja bila kuombwa.

"Hata ukifukia mpaka jioni," mama alimwambia, "bado ulikosea."

"Na mimi bado ningepita," alijibu, akatangulia kupanda.