Mayu Anyesi na Mashine Iliyogoma Kutoa Maji

Bi. Anyesi Bujiku, ambaye hospitali yetu nzima hapa Bariadi inamwita Mayu, yaani mama, anastaafu tarehe 31 Julai 2025 baada ya miaka thelathini na minne ya kutufulia mashuka. Ninayeandika ni Jeremia Mwandu, fundi wa matengenezo. Katibu wa hospitali, Bwana Deogratias, aliniomba ukurasa mmoja wenye uchangamfu. Ukurasa huu hapa. Uchangamfu nitajitahidi, ila wiki hii imetuchosha.

Mayu Anyesi ni mtu wa Ipililo, Maswa, mtoto wa wakulima wa pamba. Aliajiriwa udobi Agosti 1991, na kwa miaka kumi na minane alifua kwa mikono kwenye karo mbili za saruji nyuma ya wodi ya wazazi. Mwaka 2009 ikaja mashine, ile kubwa yenye mlango wa kioo ambayo tunayo mpaka leo. Siku hiyo alivuta kiti, akakaa mbele ya kioo akiangalia mashuka yanavyozunguka mpaka yakakamuliwa, kisha akasema mikono yake imepata likizo.

Likizo yenyewe haikuwa ya kudumu. Mashine ile ina tabia moja: inajaza maji, inafua vizuri, halafu inasimama na tumbo limejaa, inaguna, mlango haufunguki. Na ikishindwa kutoa maji haikamui. Mashuka sitini yanatoka yakichuruzika, na mtu inabidi ayakamue kwa mikono, kila siku, maana chumba cha upasuaji hakisubiri jua.

Sababu aliigundua yeye, si sisi mafundi. Kuanzia Mei mpaka Agosti akina mama wengi wanakuja kujifungua wakitokea kwenye kuchuma pamba. Mama akiona pamba imedondoka njiani haiachi, anaiokota na kuifunga kwenye pindo la khanga. Uchungu ukimkuta, anakuja na pindo lake hivyo hivyo. Khanga inaviringishwa pamoja na mashuka, fundo linafunguka ndani ya mashine, na pamba pamoja na mbegu zake zinateremka kule yanakopita maji machafu. Ndipo Mayu akaweka sheria kwamba hakuna nguo inayoingia bila kukaguliwa mapindo yote manne. Wageni wa idara walikuwa wanacheka, mpaka siku ya kwanza ya kukamua blanketi.

Alichokuwa anatoa kwenye chujio la chini kingejaza duka dogo. Vifungo, shanga, vifuniko vya sindano. Mwaka mmoja ilitoka pete ya ndoa ya Daktari Marcelo, ambaye nyumbani alishasema imechukuliwa na wezi. Mayu aliirudisha ndani ya bahasha iliyogundishwa, na habari hii tumeipata kwa daktari mwenyewe, alipoaga.

Utaratibu wake wa kuitibu mashine naujua kwa moyo, ingawa nilichelewa kuushika. Kwanza zima umeme. Weka beseni chini, fungua chujio polepole, acha maji yatoke yote. Safisha chujio, kisha ingiza kidole ndani uguse pangaboi la pampu, uone kama linazunguka bila kukwama. Nenda nyuma ukague mpira wa kutolea maji usiwe umekunjika wala kubanwa na ukuta. Angalia pia ulivyopakia, kwa sababu blanketi moja likijikusanya upande mmoja, mashine itagoma kukamua hata kama haiumwi. Baada ya yote hayo ndipo uilaumu pampu.

Sasa niseme nililokusudia kusema. Juni 2017 mashine iligoma, nami nikaanza na pampu. Niliisikiliza inavyoguna, nikatangaza imeungua. Mayu aliniambia, taratibu tu, kwamba huu ni msimu, niangalie chini kwanza. Nilimjibu mbele ya watu kwamba mambo ya umeme aniachie mimi, yeye aangalie sabuni. Akaiacha pampu kama nilivyosema, akarudi kwenye sabuni.

Pampu mpya ilichukua wiki saba kufika kutoka Mwanza. Wiki saba Mayu na mwenzake Salu walikamua kwa mikono, huyu ameshika pembe hii ya blanketi, yule ile. Wiki ya tano kifundo cha mkono wake wa kulia kilivimba, na hakijarudi sawa mpaka leo. Kile kitambaa anachofunga mkononi, ambacho vijana wanadhani ni urembo, ni cha kubana uvimbe huo.

Nilipofungua pampu ya zamani nilikuta pamba imejisokota kwenye pangaboi, mbegu zake zimo. Niliitoa, pangaboi likazunguka vizuri kabisa. Haikuwa imeungua. Nilifunga pampu mpya, pamba nikaitupa shimoni, pampu ya zamani nikaitupia stoo ya vyuma chakavu, na kwenye ripoti nikaandika kwamba iliungua. Mwisho wa mwaka nilipewa cheti cha fundi bora. Kimetundikwa karakana, na nina aibu nacho.

Jumatatu ya wiki hii mashine imegoma tena. Safari hii nimefuata utaratibu wake, hatua kwa hatua. Chujio safi, mpira umenyooka, mzigo umepakiwa vizuri. Pampu kweli imeungua, na dukani Mwanza wanasema mashine hii vipuri vyake havipo tena. Siku tatu Salu amekamua na msaidizi mgeni, na Mayu, akiwa amebakiza wiki moja ya kazi, amerudi kushika pembe ya blanketi kwa mkono ule ule.

Jana alikuwa anakabidhi kabati lake. Mabeseni, pasi, pini, na mwisho kifurushi cha khanga. Ndani yake mlikuwa na ile pampu ya zamani, imesafishwa na kupakwa mafuta. Aliiokota stoo mwaka ule ule, akaigusa kwa kidole, akaelewa. Nilimuuliza kwa nini hakusema miaka yote minane. Alisema cheti kilikuwa kimeshatolewa na mkono ulikuwa umeshavimba, kusema kusingerudisha hata kimoja, ila pampu nzima ni akiba.

Nimeifunga asubuhi hii. Maji yametoka yote, mashuka yamekamuliwa. Mayu alisimama mbele ya kioo mpaka mashine ikatulia, akasaini kitabu, akatoka. Nimemwomba Bwana Deogratias asahihishe ripoti ya 2017 na anipokee cheti. Amenijibu kwamba huu si uchangamfu aliouagiza. Ninajua.

Mayu Anyesi, idara zote zinakushukuru, nami nakuomba radhi mbele ya kila atakayesoma. Rudi Ipililo kwa amani, Mungu akupe siku nyingi za kupumzika, na mkono wako wa kulia usikamue tena hata leso.