Nafasi ya Kwanza Aliyompa Shangazi Malaea: Wasifu wa Dkt. Fuatino Asomua

Mchungaji wetu, wazee wa Safotu, ndugu na jamaa: tunayemsindikiza leo, Dkt. Fuatino Asomua, alizaliwa hapa Safotu, kisiwani Savaii, tarehe 9 Agosti 1957, mtoto wa tatu wa mzee Asomua Peniamina na mama Litara. Mimi ninayesoma, Iakopo, ndiye niliyemfuata kuzaliwa. Tulilala mkeka mmoja hadi alipofika miaka saba, na nikikoroma alinifinya.

Alijifunza kusoma katika shule ya mchungaji, akaendelea na sekondari mjini Apia mwaka 1970. Mwaka 1977 alipata ufadhili wa kwenda Dunedin, New Zealand, kusomea lishe na afya. Baridi ilimtesa sana. Alirudi huko tena na mwaka 1988 akatunukiwa shahada ya uzamivu.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na Viliamu Tauiliili, fundi mitambo wa feri. Viliamu mwenyewe husimulia kwamba siku ya kwanza alipokuja kumposa, marehemu alimhesabia vijiko vya sukari katika chai, akaviandika. Vilikuwa vitano. Akamwambia, "Nikikubali kuolewa na wewe, vitabaki viwili." Walijaliwa watoto watatu.

Kazi yake aliifanya katika chuo kikuu kimoja cha kanda yetu, tangu 1988 hadi alipostaafu mwaka 2017. Utafiti uliompa sifa ulifanyika hapahapa. Kwa miezi kumi na moja, kamati ya akina mama ya kijiji ilipita nyumba kwa nyumba na mizani, ikipima kila sahani ya magimbi na nyama ya kopo kabla haijaliwa. Nani angekubali binti aliyetoka masomoni ampimie chakula chake? Watu walimkubali mwenyekiti wa kamati, shangazi yetu Malaea Tuivale, ambaye hakumaliza hata darasa la sita. Makala ilipochapishwa mwaka 1991, marehemu alitanguliza jina la shangazi, lake likafuata. Kwetu mdogo hakai mbele ya mkubwa, na yeye hakuona kwa nini karatasi iwe tofauti na sebule.

Watafiti wa dunia nzima wakaanza kuinukuu makala hiyo. Barua zikawa zinafika hapa kijijini zimeandikwa "Dkt. Tuivale". Wakati mmoja shangazi alialikwa kwenda Roma kutoa mada, akajibu kwamba nguruwe wake hawana wa kuwalisha. Alifariki mwaka 2009. Wakati huo makala ilikuwa imenukuliwa mara elfu moja na zaidi.

Lakini chuoni, ili mtu awe profesa, walihesabu ni mara ngapi wenzake wamemnukuu, na walihesabu makala zile tu ambazo jina lake limetangulia. Makala kubwa ya marehemu haikuhesabiwa kuwa yake. Aliomba mwaka 2003, akanyimwa. Mwaka 2014 aliomba tena, kamati ikamtaka aeleze kwa maandishi mchango wa kila mwandishi. Aliandika ukweli, kwamba bila Malaea hakuna utafiti.

Ndugu zangu, yanayofuata hayamo katika ratiba mliyonayo mkononi. Makaratasi yale nilipewa mimi niyapeleke chuoni. Niliisoma ile barua nikakasirika. Dada yangu alikuwa na miaka hamsini na saba na bado wanafunzi wake walikuwa wanampita. Nikaichana. Nikaandika nyingine, kwamba Malaea alikuwa mpishi wa watafiti tu na jina lake liliwekwa kwa heshima. Nikaiga sahihi ya dada. Akapewa uprofesa.

Karani mmoja wa chuo, mtoto wa hapa, aliisoma barua ile, na wiki haikuisha habari ikawa imefika Safotu. Marehemu aliponibana nikamwambia. Hakunigombeza. Aliwaandikia wakuu wa chuo kwamba barua ni ya uongo, uprofesa wakauchukua. Kisha akapanda feri peke yake kuja Safotu. Alfajiri alikaa mbele ya nyumba ya Sulieti, binti wa shangazi, amejifunika mkeka wa heshima gubigubi, kama afanyavyo mkosaji kwetu akiomba msamaha mpaka aliyekosewa amfunue, hadi jua likawa kali. Sulieti alipotoka kuufunua, alimwambia, "Fuatino, wewe huwezi kuandika vile." Akajibiwa, "Sahihi ni yangu, dada. Nisamehe." Mimi nilikuwa Apia. Nilinyamaza.

Alisamehewa, lakini nyie mnajua alivyosemwa. Kwa miaka tisa baadhi yenu mlimwita aliyemuuza shangazi yake kwa cheo, na aliyapokea yote kwa sababu yangu.

Mwaka 2020 figo zilianza kushindwa kazi, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki mjini Apia. Katika siku zake za mwisho nilimwambia nitasema. Alisema, "Subiri nisiwepo, Iakopo. Wasije wakanitaka nikuhukumu mbele yao." Alifariki Jumanne tarehe 14 Februari 2023, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, Viliamu; watoto, Litara, Peniamina na Malaea; wajukuu wanne; dada yake Sulieti; na mimi. Hakuwa profesa, nami nawaomba msimwandike hivyo kaburini. Mwandikeni tu kwamba hakusema uongo juu ya mtu.

Dada Sulieti, sahihi ile ni yangu. Mkeka nimekuja nao. Mchungaji akimaliza sala, nitakuwa nje ya mlango wako, na ukichelewa kutoka, ni haki yako. Fuatino yeye apumzike sasa kwa amani, hana deni kwa yeyote.