Laini ya Stima Mlangoni kwa Mama Wanjira

Hapa Karurumo tunalima kahawa lakini tunakunywa chai. Ni kwa benchi la kando ya posho mili ya kusaga mahindi tu ndiko kahawa huchemshwa, na mimi ndiye huichemsha. Mwezi uliopita kampuni ya stima ilipigilia vigingi vyekundu kwa mashamba ya ng'ambo ya barabara. Kimoja kiko mlangoni kwa Mama Wanjira. Nyumba hiyo aliijenga kwa miaka kumi na moja, na barua ilisema ibomolewe ili laini kubwa ipite. Jumamosi aliitwa kwa ofisi ya kampuni, Embu. Benchi lote lilimsubiri: Kivuti, tunayemwita Wakili kwa sababu alishinda kesi ya mbuzi kwa chifu, na Mutugi fundi wa redio, tunayemwita Fiuzi.

WAKILI: Serikali ikitaka shamba, imetaka. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

FIUZI: Apone wapi na nyumba imebomolewa? Mimi ningeng'oa vigingi leo leo. Haraka haraka haina baraka.

WAKILI: Sasa hiyo haraka si ni yako?

FIUZI: Na wewe uliyepanda avokado mia mbili juzi pale laini itapita, ati ulipwe? Watajua ni za juzi.

WAKILI: Mti ni mti, bana. Shida ni kuku. Chini ya hizo waya, kuku hutaga mayai yameiva tayari.

FIUZI: Hizo waya hata si za stima. Ni za kusikiliza watu wakiongea kwa benchi.

WAKILI: Basi wamesikia utang'oa vigingi.

Bodaboda ikamshusha Mama Wanjira akiwa na bahasha. Hajawahi kuketi nasi.

WAKILI: Mama, wamekulazimisha kusaini?

MAMA WANJIRA: Hapana. Niliwaandikia mapema kwamba sikatai stima, nakataa ipite kwa nyumba na mpakani mwa shamba kuna nafasi. Leo wameleta ramani, nikawaonyesha.

FIUZI: Na wangekataa?

MAMA WANJIRA: Ningeenda kortini. Nilikuwa hata na mtu wangu wa kuthamini mali, wasinipimie peke yao.

WAKILI: Kwa hivyo?

MAMA WANJIRA: Vigingi vinahamia mpakani Jumatatu. Niliwaambia waandike kwanza upana wa njia na miti watakayokata. Nikasoma mara mbili, ndipo nikasaini.

Fiuzi alisimama akampa kiti. Sijawahi kumwona akimpa mtu kiti. Nilimjazia Mama kikombe hadi ukingoni, na sikutaka anilipe.

MAMA WANJIRA: Wakili, kwako wanakuja Ijumaa, na wanataka kuongea na mwenye shamba. Hati yenu iko kwa jina la nani?

WAKILI: La babu.

MAMA WANJIRA: Huyo aliyezikwa pale kwa migomba?

WAKILI: Huyo.

MAMA WANJIRA: Na Ijumaa atasaini nani?

Wakili alimtazama Fiuzi. Fiuzi, ambaye shamba lao pia liko kwa jina la babu yake, alitazama chini.

Nilizima jiko, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda kumuuliza mume wangu hati yetu iko kwa jina la nani.